Kangaga lipi ni lipi? Makangaga ya Usambara yanayofanana, kwa jani na kwa spora

Ukipanda kutoka Muheza kwenda Amani, makangaga yanakupokea kabla hujaufikia msitu wenyewe. Yapo kwenye kuta za udongo zilizokatwa kupisha barabara, kwenye mawe yenye unyevu, na juu ya matawi ya miti iliyoachwa katikati ya mashamba ya iliki. Ndivyo ilivyo pia upande wa Lushoto, ukielekea msitu wa Magamba. Wanaotaka kuyajua kwa majina huanza na umbo la jani, na hapo ndipo wengi hupotea. Makangaga mawili yasiyo na undugu wa karibu yanaweza kuwa na jani la umbo moja, kwa sababu yote mawili yanaishi juu ya gogo la mti na yanapambana na shida zilezile za mwanga na maji. Upande wa chini wa jani haupotoshi kirahisi hivyo. Kwa hiyo katika ulinganisho huu umbo la jani litatusaidia kuchagua kundi tu. Uamuzi tutaufanya baada ya kuligeuza.

Unapogeuza jani, tazama nini

Kangaga halitoi ua wala mbegu. Huzaa kwa spora, vumbi jepesi linalokomaa ndani ya vifuko vidogo mno. Vifuko hivyo hukaa makundi makundi, na kila kundi huonekana kwa macho kama doa au mstari, kijani kibichi au cheupe likiwa changa, kahawia likikomaa. Wapo wanaodhani ni mayai ya wadudu au ugonjwa wa kutu, wakayakwangua au kuyapiga dawa kwenye makangaga ya nyumbani. Kutofautisha si kazi ngumu: madoa ya spora hujirudia kwa mpangilio uleule katika kila sehemu ya jani, ilhali wadudu hukaa popote penye utomvu.

Jiulize mambo matatu. Spora ziko wapi: ukingoni, kando ya mshipa wa kati, au zimetapakaa? Zina umbo gani: doa la mviringo, mstari, au zulia? Na je, zimefunikwa na utando, au ziko wazi? Swali la tatu ndilo linalowakwaza watu, maana utando hukauka, hujikunja na kudondoka kadiri jani linavyozeeka. Jani kuukuu lisilo na utando halithibitishi kitu. Tafuta doa changa, lile ambalo bado halijawa kahawia, ndipo useme upo au haupo. Lenzi ya mkono inayokuza mara 10 inatosha kwa karibu kila kitu nitakachokitaja hapa.

Jani zima lisilogawanyika, juu ya mti

Kundi hili nimelipa nafasi kubwa kwa sababu ndilo linalochanganya zaidi. Unaona juu ya mti majani marefu kama ukanda, hayakugawanyika hata kidogo, yametoka pamoja kama kiota. Wengi husema papo hapo kwamba ni Asplenium nidus, kwa kuwa ndilo maarufu, na ni kweli kwamba kangaga hilo ni la asili Tanzania, Zanzibar ikiwemo. Lakini kuna jingine, Microsorum punctatum, ambalo nalo hufunga majani yake pamoja hivyohivyo, na kwa mtu aliyesimama chini ya mti hayatofautiani.

Geuza jani la kila moja, ubishi umekwisha. Asplenium nidus lina mistari: myembamba, iliyonyooka, iliyobanana, ikianzia karibu na mshipa wa kati na kuelekea ukingoni bila kuufikia. Kila mstari una utando wake mrefu ulioshikamana upande mmoja wa mshipa na kufunguka upande wa pili. Microsorum punctatum lina nukta: ndogo, za mviringo, nyingi mno, zimetapakaa bila safu inayoeleweka, zaidi kwenye nusu ya juu ya jani. Hazina utando wowote, hata zikiwa changa.

Ukikuta majani hayana spora, bado unazo njia mbili. Ya kwanza ni mishipa. Liinue jani dhidi ya mwanga. Ya Asplenium nidus huenda sambamba kutoka katikati hadi karibu na ukingo. Ya Microsorum hufumana na kuwa wavu. Ya pili ni namna majani yanavyokufa. Jani la Microsorum lina kiungo pale linaposhikamana na shina, likizeeka hukatika hapo na kuanguka safi. La Asplenium halina kiungo hicho, hivyo majani yaliyokufa hubaki yananing'inia chini ya kiota, kahawia na makavu, kwa muda mrefu. Alama hii ya pili naipenda kwa sababu unaweza kuiona kutoka chini bila kupanda wala kung'oa chochote.

Sasa ongeza la tatu, Loxogramme abyssinica, na mambo yanakuwa magumu kidogo. Hili nalo lina jani zima na lina mistari, kwa hiyo Asplenium nidus changa linaweza kudhaniwa kuwa ndilo, au kinyume chake. Tofauti ziko katika mambo mawili. Mistari ya Loxogramme ni minene zaidi na imelala kwa mshazari mkali, ikielekea ncha ya jani badala ya kuelekea ukingoni, na haina utando kamwe. Tena jani lake ni nene, lina maji, na mishipa yake imezama ndani hata ukiliinua juani huioni vizuri. Kwa mstari ulio mkavu na mzee, usitegemee utando peke yake, tegemea mishipa. Shina nalo husaidia: la Loxogramme hutambaa juu ya gogo, majani yakitoka moja moja, wala halijengi kiota.

Lepisorus excavatus, ambalo vitabu vya zamani huliita Pleopeltis excavata, halisumbui sana ukishaliona mara moja. Lina madoa makubwa ya mviringo katika safu moja kila upande wa mshipa wa kati, na madoa machanga yamekingwa na magamba madogo mno yenye umbo la mwavuli, kila gamba limesimama juu ya kijiti chake. Magamba hayo si utando. Ni mengi kwenye doa moja, na hupukutika mapema.

Mengine mawili yenye jani zima yamalizike haraka. Ukikuta baadhi ya majani upande wa chini wote umefunikwa na zulia la kahawia bila doa wala mstari, huku majani mengine ya mmea huohuo yakiwa mapana zaidi na hayana kitu, hilo ni Elaphoglossum. Na ukikuta majani membamba kama nyasi yananing'inia, spora zikiwa zimejificha katika mfereji mmoja kila ukingo, uko kwenye ukoo wa Vittaria.

Baada ya moto: Pteridium, Hypolepis na Pteris

Hapa kukosea kuna gharama, hasa kwa mfugaji. Kwenye miteremko iliyochomwa moto mara kwa mara Usambara, na katika nyanda nyingi za juu za Afrika Mashariki, hutanda kangaga refu, gumu, lenye jani la pembetatu lililogawanyika mara tatu. Ni Pteridium aquilinum. Shina lake linatambaa chini kabisa ya udongo, moto hauligusi, ndiyo maana shamba likishachomwa linakuwa la kwanza kuchipua. Lina sumu iitwayo ptakwilosaidi. Ng'ombe wanaolila kwa muda mrefu huweza kupata uvimbe wa kibofu na kukojoa damu, ugonjwa ambao umeonekana pia katika nyanda za juu za Kenya. Sumu hiyo hupita hata kwenye maziwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka mmea huu katika kundi la 2B, yaani vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Machipukizi yake machanga yaliyojikunja yasiliwe kama mboga, hata kama yapo yanaliwa katika nchi nyingine.

Ya pili na ya tatu, Hypolepis na Pteris, yanaota kandokando yake na kwa mbali yanafanana nalo. Hypolepis sparsisora hupenda kingo za msitu na vichochoro vya miti iliyoanguka. Aina mbalimbali za Pteris ziko ndani ya msitu, kwenye kingo za barabara na kwenye mawe.

Anza na ukingo wa jani. Pteridium hukunja ukingo wake kuelekea chini, na spora hukaa ndani ya mkunjo huo kwa mfululizo, mstari mmoja mwembamba unaouzunguka ukingo. Ukiufungua mkunjo kwa ncha ya sindano chini ya lenzi, utakuta utando mwingine mwembamba upande wa ndani: spora zimewekwa katikati ya vifuniko viwili. Pteris nayo hukunja ukingo na ina mstari mrefu wa spora, ila kifuniko chake ni kimoja tu, ule ukingo wenyewe. Ndani hakuna kitu kingine. Hypolepis haina mstari. Ina madoa madogo yaliyotengana, kila moja katika pembe kati ya meno mawili ya jani, na juu ya kila doa kijino kimoja kimejikunja kama kope.

Tatizo ni kwamba Pteridium mara nyingi halina spora kabisa, hasa likikua kivulini. Unaweza kutembea kwenye mteremko mzima usipate jani moja lenye mstari. Basi rudi kwenye shina. Pteridium na Hypolepis yote mawili yana nywele tu, hayana magamba. Pteris ina magamba ya kahawia chini ya kikonyo na majani yake hutoka fungu moja, si moja moja kwa umbali. Hapo Pteris imetoka kwenye orodha. Kati ya mawili yaliyobaki, tazama jani changa la Pteridium pale matawi yake yanapounganika na uti wa kati: kuna vitezi vidogo vya rangi nyeusi-nyekundu vinavyotoa maji matamu, na sisimizi huvifuata. Kisha shika jani. La Pteridium ni gumu na hukwaruza. La Hypolepis ni laini. Ukilazimika kuchimba, shina la Hypolepis liko karibu na uso wa ardhi, wakati la Pteridium utalitafuta chini sana.

Kwa mfugaji ushauri wangu hauna mashaka: likiwa halina spora na huna hakika, lichukulie kuwa ni Pteridium na uwaondoe mifugo hapo. Kuzuia malisho ya wiki chache ni afadhali kuliko kuhatarisha mifugo.

Katika ukoo wa Pteris, moja linastahili kutajwa kwa jina, Pteris vittata. Jani lake limegawanyika mara moja tu, vijani (vipande vidogo vya jani) virefu vyembamba kila upande wa uti, na huota hata kwenye ufa wa ukuta wenye chokaa mjini. Mwaka 2001 wanasayansi walionyesha kwamba kangaga hili hufyonza aseniki, elementi yenye sumu, kutoka udongoni na kuilimbikiza kwenye majani yake kwa wingi usio wa kawaida. Mstari wake wa spora ukingoni ndio unaolitofautisha na Nephrolepis, ambalo lina jani la mpangilio huohuo.

Makubwa ya mabondeni: kangaga-mti au Ptisana?

Kwenye vijito vya msituni kuna majani ya kangaga yenye urefu wa mita mbili, tatu au zaidi. Mtu akiona ukubwa huo husema ni kangaga-mti. Si lazima iwe hivyo. Ptisana fraxinea, ambalo wengi bado wanalijua kama Marattia fraxinea, lina majani makubwa hivyo lakini halina gogo refu, ni kisiki kinene tu kilichokaa chini. Chini ya kila kikonyo kuna vipande viwili vinene vyenye nyama, kama masikio, na pale vijani vinaposhikamana na uti pamevimba. Ukigeuza jani, karibu na ukingo kuna safu ya vitu vigumu vyenye umbo la mashua. Si madoa ya kawaida: vifuko vya spora vimeungana kuwa kitu kimoja, na kikikomaa hupasuka katikati na kufunguka pande mbili. Hakuna kangaga jingine katika ulinganisho huu lenye umbile hilo, na ukishaliona hutalisahau. Ukoo wake ni wa kale sana, mabaki yake ya mawe yanarudi nyuma hadi enzi za misitu iliyozaa makaa ya mawe.

Kangaga-mti lina gogo, na madoa yake ya spora ni ya mviringo, yamepangwa kando ya mshipa wa kati wa kila kipande kidogo, mbali na ukingo. Kati ya makangaga-miti yenyewe, kwa mtu wa nje ya maabara vikonyo husaidia kuliko spora. Alsophila manniana lina gogo jembamba na vikonyo vyenye miiba mikali, na huishi kivulini kando ya maji; usikishike kikonyo chake bila kutazama. Alsophila dregei lina gogo nene, vikonyo visivyo na miiba ya namna hiyo, na huvumilia mahali pa wazi, nyasi zinazochomwa na baridi ya nyanda za juu. Alsophila capensis hutambulika kwa vijani vilivyochanika kama nyuzi, vilivyosongamana kileleni kwenye tako la vikonyo. Usiyakate kwa kuyachunguza. Biashara ya kimataifa ya makangaga-miti haya iko chini ya Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, na gogo lililochukua miaka mingi kupanda huangushwa kwa dakika chache ili kuuza vipande vya kuoteshea okidi.

Ya njiani, ya shambani na ya pwani

Nephrolepis biserrata na Christella dentata yote mawili yana jani refu lenye vijani pande mbili, na yote yana madoa yenye utando wa umbo la figo. Hapa spora hazikati shauri peke yake. Kijani cha Nephrolepis hakikugawanyika, kina meno tu, hukatika kwenye kiungo ukikivuta kidogo, na mmea hutoa nyuzi ndefu nyembamba zinazotambaa na kuchipua mimea mipya. Kijani cha Christella kimekatwa hadi karibu nusu, kina nywele laini nyeupe, na ukikiinua juani utaona mishipa ya chini ya vipande viwili jirani ikikutana chini ya mkato. Makangaga mengi ya vyunguni ni ya ukoo wa Nephrolepis exaltata ya Marekani. Kwa hiyo ukikuta Nephrolepis yenye majani ya mawimbi karibu na nyumba, usiandike kuwa ni ya asili.

Juu zaidi milimani, Dryopteris na Polystichum hutofautishwa kwa utando. Wa Dryopteris ni figo iliyoshikwa kwenye mkunjo wake. Wa Polystichum ni mwavuli mdogo wa mviringo ulioshikwa katikati.

Pwani kuna Acrostichum aureum, linaloota kwenye mikoko na kwenye maji ya chumvi, Rufiji na kwingineko. Majani yake ni makubwa na magumu kama ngozi, na vijani vya juu vinavyozaa spora vimefunikwa upande wa chini na zulia la rangi ya kutu. Zulia hilo linafanana na la Elaphoglossum, ila moja liko matopeni lenye jani lililogawanyika na jingine liko juu ya mti lenye jani zima, hivyo hakuna wa kuyachanganya. Na kwenye miti ya pwani utaona Platycerium alcicorne, majani yake yamegawanyika kama pembe za kulungu, spora zikiwa kwenye ncha. Ndugu yake wa bara, Platycerium elephantotis, hana pembe. Jani lake ni pana kama sikio la tembo.

Jani lisilo na spora

Siku nyingi utakuta kangaga bila spora. Kabla ya kukata tamaa, tafuta majani ya zamani ya mmea uleule na ya majirani zake, maana majani machanga ya ndani huwa hayajafika. Ukikosa kabisa, piga picha za mahali ambapo watu husahau: tako la kikonyo pamoja na magamba au nywele zake, namna majani yanavyotoka (fungu moja au moja moja), na jani likiwa limeinuliwa mbele ya mwanga ili mishipa ionekane. Picha ya jani zima kutoka juu, ambayo ndiyo kila mtu huipiga, ndiyo inayosaidia kidogo kuliko zote.

Ukipata jani lenye madoa yaliyokaribia kukomaa, kipande kidogo tu kinatosha. Kilaze juu ya karatasi nyeupe, upande wa spora chini, kifunike na karatasi nyingine mahali pasipo na upepo hadi asubuhi. Vifuko vikikauka hufyatua spora zake, na mpangilio wake hubaki umechorwa kwenye karatasi: mistari ya Asplenium, nukta za Microsorum, ukingo wa Pteris. Andika juu yake mahali, mwinuko, tarehe, na kama mmea ulikuwa juu ya mti, jiwe au udongo. Anayefanya kazi na Flora ya Afrika Mashariki ya Kitropiki, vitabu vya kutambulisha mimea, kazi iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika 2012, ataweza kuifuata karatasi hiyo hadi kwenye jina.